Mwanamke Mwenye Nyusi

Walikutana kwa kugombea karatasi. Soko la vitabu vikuukuu la mtaa wa Kanda lilikuwa limefurika watu, na Chizuru, ndani ya koti lake la kijani, alishika pembe ya picha ya kale ya mama na mtoto. Pembe ya pili ilishikwa na Kohei, muuza picha.

“Bibie, ukivuta, wewe utabaki na mtoto, mimi na mama,” alisema Kohei.

Chizuru akacheka. Kohei akainama kumtazama Mio, kasichana ka miaka minne kalikosimama kando ya Chizuru. “Na huyu ni wako?”

“Wa kaka yangu.”

Uongo ulimtoka hivihivi. Wanaume waliokwisha kusikia ana mtoto bila mume walikuwa wakikumbuka ghafla shughuli zao, na huyu Chizuru alikuwa amempenda papo hapo. Basi kila Jumapili, wakivaa viatu mlangoni kwenda kwa Kohei, alimuuliza Mio: “Mbele ya Kohei mimi nani?”

“Shangazi.”

Akijibu vizuri anapewa peremende. Ndiyo, jamani, mama mzazi alifanya hivyo, miezi mitatu.

Jumapili moja dukani kwake, Kohei alimpa Chizuru kioo cha kukuzia. Kwenye picha ile ya kale, mwanamke alikuwa akimwogesha mtoto ndani ya pipa la mbao.

“Mpenzi, huyu si mama. Enzi zile mwanamke akishazaa alinyoa nyusi. Huyu zake hizi hapa. Shangazi, kama wewe.”

“Mtazame mtoto basi,” alisema Chizuru, akimrudishia kioo. “Kang’ang’ania ukosi wake kwa ngumi nzima.”

“Watoto hung’ang’ania yeyote.”

Mara droo ikabana kidole cha Mio. Mtoto alipiga yowe, akamkimbilia Chizuru huku kamasi zikimtoka: “Shangazi! Shangazi, naumia!”

Hata kwenye maumivu alikumbuka somo lake. Chizuru aliona aibu. Akapiga magoti, akakitia kidole kile mdomoni mwake.

“Ni wangu, Kohei. Nimemzaa mimi.”

Kohei akaweka kioo mezani. “Kuwa na mtoto si kosa. Lakini umemfundisha akukane?”

Chizuru alimbeba mwanawe, wakatoka.

Siku tisa simu haikulia. Peremende alizitupa, na kila alipomwogesha Mio alishindwa kumtazama usoni. Siku ya kumi, akikoroga supu ya miso, simu ikalia. Mikono yake ilikuwa imelowa. Mio akawahi kupokea.

“Ni Kohei,” alisema, kisha akafunika simu kwa kiganja, bila kuziba sauti yoyote. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza avae soksi zipi: “Leo nikuite nani?”

Chizuru alichuchumaa mbele yake.

“Mama. Leo, kesho, mbele ya kila mtu. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe.”

Mio akafikiri. “Na peremende?”

“Hakuna peremende.”

Upande wa pili Kohei alikohoa. “Mio, mwambie mama yako Jumapili nawangoja wote wawili.”

“Mama,” alisema Mio taratibu, akilijaribu neno huku akitazama simu, kisha uso wa Chizuru, kuona kama amekosea.