Mrija wa Aloys

Aloys alikutwa amekufa kitini, kidevu kifuani, mrija ungali mkononi. Mbele yake ulikuwapo mtungi wa impeke, pombe ya mtama. Wenzake walikunywa mtungi huohuo alasiri ile, kila mmoja kwa mrija wake, uani kwa Daphrose, mtaani Nyakabiga. Wote walikuwa wazima.

Inspekta Sylvère alipofika, mtaa ulikuwa umeshahukumu. Mtungi uliletwa na Espoir, Mkongomani. Vijana walimfunga kamba wakisema wageni walileta uzinzi, sasa wameleta sumu. Mkuu wa kituo naye alitaka faili lifungwe haraka na Espoir aende gerezani.

Aloys hakupendwa. Kila alfajiri alipita na simu, akipiga picha milango na madirisha, ajue nani analala na nani bila ndoa. Aliyeshtakiwa serikalini kwa picha hizo alipoteza kazi. Mgeni alirudishwa kwao.

Maabara ilijibu: mtungi safi. Dawa ya kuulia wadudu ilikuwa ndani ya mrija wa Aloys peke yake.

Sylvère alirudi kwa Daphrose, mjane mwenye nyumba. Binti yake Chanelle, mwalimu, alikuwa ameshinda kituoni akimlilia Espoir.

"Mama Chanelle, nani aligawa mirija?"

"Mi. Nyumba ni yangu. Kwenu mgeni ndiye anagawa mirija, Afande?"

"Espoir hakugusa?"

"Apana."

"Hata mmoja?"

Daphrose alitazama mikono yake.

"Kila siku wanaimba mila, mila," alisema. "Na hakuna aliyekumbuka hii moja."

Kisha akaeleza, taratibu, kama anayesimulia habari za jirani. Aloys alikuwa amepenyeza simu dirishani, akampiga picha Chanelle amelala kifuani kwa Espoir. Daphrose akamwalika kwenye mtungi, kama watu wanavyoitana kupatana. Akamvuta pembeni, akamsihi aifute. Aloys akacheka, akasema walimu wenzake Chanelle wataiona kwanza.

"Nilishika mirija miwili," alisema Daphrose. "Mmoja safi. Angekubali, ningempa huo."

"Na Espoir? Ungeacha afungwe kwa kosa lako?"

"Kesho ningekuja mwenyewe. Nilitaka kukaa usiku mmoja tena na mtoto wangu."

Sylvère alitoa pingu. Daphrose akaomba kwanza afunike sufuria ya maharage, Chanelle ayakute. Akayafunika. Akanyoosha mikono.

"Simu ya Aloys munayo?"

"Tunayo."

"Basi mufute ile picha. Nimekwisha kusema yote, haina kazi tena."

Sylvère alifunga pingu.

"Ni kielelezo, Mama. Ndiyo sababu ya kuua. Itaingia kwenye faili, na mahakamani itaonyeshwa."

"Kwa watu?"

"Kwa watu."

Hapo ndipo Daphrose alipolia.