Sampuli ya Alhamisi

Mashahidi wote watatu wanakubaliana juu ya mambo haya: siku ilikuwa Alhamisi, jua lilikuwa la utosini, na pampu ya mtambo wa majitaka wa mji wetu ilikuwa imekufa kwa siku nne. Mashahidi hao ni shemeji yangu, mwendesha mtambo. Mlinzi wa lango. Na mama mkwe wangu, mama mzazi wa shemeji, anayeishi ukingoni mwa mto, mwendo wa nusu saa chini ya mtambo. Nilimhoji kila mmoja peke yake.

Shemeji hakunificha kitu. Pampu ilipokufa alifungua vali ya dharura, na uchafu wa mji mzima ukaingia mtoni bila kusafishwa. Chupa ya sampuli, ambayo kwa kanuni hujazwa pale maji yanapotokea mtamboni, akaijaza kwenye bomba la ofisini. Akaandika juu yake: *Yamesafishwa*. Akatia sahihi.

"Bosi, leo maji yako ni ya hoteli kabisa," mlinzi alimtania.

"Nyamaza wewe. Mama nimeshamwonya. Anachota kisimani mpaka pampu ipone."

Hilo nimelithibitisha. Mama alionywa, akatii.

Saa saba na nusu simu ya shemeji iliita, akaipokea kwa spika.

"Baba," mama alinong'ona, "mbona umesimama mtoni na nguo za kazi?"

"Niko kazini, mama."

"Acha utani. Si wewe unayeniita? Unasema yamesafishwa, nije na kikombe."

Mlinzi alisikia kila neno. Anaapa kwamba shemeji alikuwa mbele yake, hatua mbili tu.

"Mama, usiende! Ingia ndani!"

"Haya, nakuja," alisema mama. Hakuwa akimjibu aliye kwenye simu.

Laini ikakatika.

Shemeji akakimbilia vali. Gurudumu lake halikugeuka. Mlinzi akashika naye. Halikugeuka. Ndani ya bomba, wanasema wote wawili, mtu alikuwa akicheka. Taratibu. Kwa sauti ya shemeji.

Akaitwaa ile chupa, akaipasua ukutani. "Ni uongo!" akapiga kelele. "Nimeandika uongo!"

Kicheko kikakoma. Gurudumu likalegea. Vali ikafungwa.

Walimkuta mama ameketi kizingitini, kikombe kimejaa, midomo mikavu.

"Nilikuwa nakiinua," alimwambia mwanawe, "ukatoweka."

Nimeyapima yote. Jua kali huwachosha wazee. Bomba tupu hurudisha mwangwi. Mtu mwenye hatia husikia mengi. Hoja hizo ningezitetea mbele ya jopo lolote. Zinashindwa mahali pamoja tu. Kutoka majini hadi mlangoni kwa mama kulikuwa na nyayo tisa za buti, na hakuna hata moja ya kurudi. Niliweka buti ya shemeji juu ya moja. Ilikaa sawasawa, hadi mkato wa kisigino.

Zile za udongoni zimeshafutika. Ile ya tisa, iliyo juu ya saruji ya kizingiti, haikauki. Nimeipangusa kwa mkono wangu mara tatu.

Jana asubuhi kulikuwa na ya kumi. Iko upande wa ndani.

Mama mkwe anakataa kuhama. Anasema mwanawe hawezi kumdhuru. Ushahidi ndio huo. Amua mwenyewe unayesikiliza: ungemwacha alale humo?