Dada Zuena Alinifundisha Kununua Kila Kitu, Isipokuwa Maziwa

"Huyu si mke wa mdogo wangu tena! Ameshaachwa! Mchukueni, mfanyeni mnavyotaka!"

Aliyesema hayo ni shemeji yangu, Gharib. Amesimama mlangoni mwa duka letu, kidole kaninyooshea mimi.

Nyuma yake wanaume sita wenye mikuki.

Nikadhani ni utani wa mashemeji... Utani gani! Mkuki wa kwanza ulinipita sikioni, ukachoma gunia la chumvi!

"Shemeji! Nimeachwa lini mimi?"

"Kabla Shabani hajasafiri. Aliniachia mimi maneno."

"Muongo wewe!"

Kofi lake lilinikalisha chini. Nikatema damu, na jino ndani ya damu.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua mnajiuliza huyu dada kafanya nini.

Mwaka ni 1904. Ndiyo, zamani hiyo, Wadachi, hao Wajerumani, wako Bukoba na bendera yao. Naitwa Mwaja, mzaliwa wa Pangani. Mume wangu Shabani alinioa kwetu, tukatembea miezi mpaka miguu ikaota sugu, tukafika Karagwe, hapa Murongo kando ya Mto Kagera. Alikuwa na duka la chumvi, vitambaa vya amerikani, shanga na majembe.

Duka lilikuwa lake. Gharib ndiye kaka mkubwa, lakini alikuwa anamsaidia tu mdogo wake. Hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, ila mimi mgeni ningejuaje?

Siku yangu ya kwanza gulioni nilinunua mkungu mkubwa wa ndizi, nikaupika kwa madaha. Ulikuwa mchungu, mate yenyewe yaligoma! Kumbe ni ndizi za kukamulia pombe. Gulio zima lilinicheka.

Mke wa Gharib, dada Zuena, ndiye aliyenishika mkono.

"Mdogo wangu, hapa si Pangani. Kuna ndizi ya kupika, kuna ya kuchoma, kuna ya pombe. Minya ganda kwanza."

Akanifundisha yote. Ndizi unabadilishana kwa chumvi, maharage kwa simbi, zile kauri za kulipia. Mama muuzaji akikupa punje za kahawa, tafuna kwanza, ndipo uulize bei, la sivyo anakuona huna adabu. Kapu la mtu huliruki hata kama njia imefungwa. Nyama kula iliyochinjwa na Gharib tu, maana ndiye aliyekuwa anatuchinjia Waislamu wote wa pale.

Nilimpenda yule dada jamani. Nilimpenda kama tumbo moja.

Maziwa ndiyo hayakuuzwa gulioni. Sisi tulipata kwa Rwekaza, mfugaji wa kule milima ya Mabira, kwa sababu yeye na mume wangu walichanjiana damu, wakawa ndugu wa kufa na kuzikana. Kila asubuhi kibuyu kinashuka kutoka kwake. Shabani alikipokea mwenyewe, akanywa mwenyewe. Mimi mimba changa ilinikatalia hata harufu.

Kisha Shabani akasafiri kwenda Bukoba na ngozi zake. Aliondoka alfajiri, sikumwona. Gharib alimsindikiza.

Siku ya tatu hamu ya mimba ikageuka, nikatamani maziwa hadi machozi.

"Dada Zuena, haya maziwa yana masharti yoyote?"

"Masharti gani? Chemsha kama kwenu, unywe. Mtoto apate nguvu."

Nikachemsha. Siku saba nachemsha, nakunywa, namwombea dua.

Siku ya nane ndiyo hiyo mikuki.

Rwekaza, mmoja wa wale sita, alinipita akaingia jikoni kwangu, akakiona chungu kikitoka povu. Mtu mzima yule alishika kichwa akalia!

"Unayachemsha! Ng'ombe wangu wawili chuchu zinatoka damu. Ndama amekufa jana. Na wewe unayachemsha!"

Kwao maziwa hayaguswi na moto. Ukiyachemsha umemchemsha ng'ombe mwenyewe huko aliko. Kila mtu kuanzia Murongo mpaka Kimuli alilijua hilo, hata watoto wa kunyonya... isipokuwa mimi.

"Sikujua, baba! Wallahi sikujua!"

Mpini wa mkuki ulinipata mgongoni. Wa pili mkononi, nikasikia kidole kinalia *ko!* Wakanishika nywele, wakaniburuta kwenye mawe kuelekea mtoni. Gharib alitufuata nyuma, na kila nilipojaribu kusimama alinipiga teke.

Teke la tumbo, jamani. La tumbo! Nikajikunja kama jongoo ili mgongo uyapokee mengine.

Hapo ndipo akili ilipoanza kuniingia. Mbona huyu anatafuta tumbo tu?

Ukingoni wakanifunga kamba miguuni. Upande wa pili wa kamba wakafunga jiwe la kusagia. Zuena alikuwa amefika, kajitanda kanga mpaka puani, analia kuliko mimi.

"Masikini mdogo wangu! Masikini!"

Rwekaza akachuchumaa mbele yangu.

"Nilikupa maziwa ya ng'ombe wangu kwa sababu ya ndugu yangu Shabani. Kama angekuwa hajakuacha, nisingekugusa. Una neno la mwisho?"

"Niliambiwa nichemshe."

Akainua mkono. Wanaume waliokuwa wananiinua wakanishusha.

"Uliambiwa na nani?"

"Acha kumsikiliza!" Gharib akafoka. "Mtupeni!"

"Nyamaza wewe. Kwetu mgeni akikosea, anaulizwa kwanza aliyempokea. Mwanamke, nani alikufundisha maziwa?"

Nikamtazama Zuena. Wasomaji, nilisita! Na jiwe mguuni, bado nilimwonea huruma.

Nikamnyooshea kidole kilichovunjika.

Zuena akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama mumewe, akingoja amtetee.

Mnajua Gharib alisema nini?

"Kama ni mke wangu, mchukueni na yeye! Mimi mambo ya jikoni siyajui!"

"Gharib... mimi?"

"Sikujui! Mfungeni!"

Wakamkamata Zuena, wakampiga chini, uso kwenye tope. Kamba ilipomgusa mguu, yule mwanamke aliacha kulia. Akacheka! Kicheko ambacho nikikikumbuka nywele zinanisimama.

"Sawa. Rwekaza, kabla hujanitupa, muulize huyu mwanaume ndugu yako yuko wapi."

"Yuko Bukoba."

"Hajafika Bukoba. Hata mto wa kwanza hakuvuka. Yuko migombani, nyuma ya duka lake. Gharib alimchinja ile alfajiri. Na huyu hajaachwa! Ana mimba. Mtoto angerithi duka, basi tukaona bora mtuulie ninyi, sisi mikono yetu ibaki safi."

Nilipiga ukelele... sikujua kama ni wangu.

Gharib alishaanza kukimbia. Alikimbilia kwenye mtumbwi wa kuvushia watu, akaruka, akaanza kuusukuma kwa kasia, huku anaapa kwa majina yote ya Mungu.

Rwekaza hakukimbia. Alisimama, akavuta pumzi, akauachia mkuki wake.

Ulimwingia katikati ya mabega ukatokea kifuani. Gharib alikaa kitako taratibu kama mtu aliyechoka, kisha akaangukia majini. Maji yakawa mekundu, halafu Kagera ikamchukua.

Rwekaza akakata kamba yangu kwa kisu, akanivulia ngozi aliyojifunika akanifunika mimi.

"Nilikuwa namuua mke wa ndugu yangu," alisema. "Nilikuwa naua na mtoto wake."

Mgongo wangu mzima ulikuwa umechanika kwa mipini yao.

Akamgeukia Zuena.

"Na huyu? Wewe ndiye wa kusema."

Wote wakanitazama. Zuena akatambaa mpaka miguuni pangu.

"Mdogo wangu... nilikufundisha gulio... nilikupenda..."

Mnataka kujua kama nilimsamehe? Sikumsamehe! Nilitaka azame nikiwa namwangalia. Lakini ni yeye peke yake aliyejua mume wangu kalala chini ya mgomba upi.

"Mwacheni. Mpeni jembe."

Alichimba mwenyewe, mbele yetu, mpaka kanzu ikaonekana. Hatua ishirini tu kutoka jikoni kwangu. Siku zote zile nilizolia kumkumbuka Shabani, Zuena ndiye aliyenifuta machozi akisema atarudi, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomfukia.

Tukamwosha, tukamswalia, tukamzika kama Muislamu. Zuena nilimwambia aondoke na nguo aliyovaa. Alishika njia ya kusini, na sijasikia habari zake tena.

Mtoto alizaliwa mzima. Duka nikaliendesha mwenyewe. Kidole hakikunyooka mpaka leo, na mvua ikitaka kunyesha mgongo hunitangulia kujua. Rwekaza alinisaidia sana miaka ile, sikatai, lakini kila akiingia dukani nilihamia kwanza upande wa mlango.

Ninyi mnaohamia nchi za watu, nisikilizeni. Mtu akikufundisha mambo tisa ya kweli, la kumi utalimeza bila kutafuna. Mimi nilimwamini Zuena kwa sababu hakuwahi kunidanganya kwenye ndizi.

Siku hizi wanawake wageni hunijia dukani, wananiuliza soko la hapa likoje. Nawaeleza yote, sifichi kitu. Wakimaliza kunishukuru, nawatuma kwa jirani yangu wakamuulize na yeye kama nimewaambia kweli.