Fizi za Bella na Gundi ya Nyuki

Venant anafuga nyuki kijijini Luvungi. Asali anaiuza. Gundi nyeusi inayoshika kwenye mizinga anaikwangua na kuzibia beseni zilizopasuka.

Binti yake, Bella, anaimba kwaya ya parokia. Mwaka huu fizi zake zilivimba. Alipoona damu kwenye mswaki, akaogopa, akaacha kupiga mswaki. Mdomo ukaanza kunuka. Kiongozi wa kwaya akamwambia kwamba asipopona, wimbo wake wa Pasaka utaimbwa na mwanakwaya mwenzake, Raïssa.

Mama yake, Consolate, alimpaka asali kwenye fizi kila jioni, alale nayo. Jirani alisema asali inaponya kila kidonda. Walid wa dukani alisema asali ni sukari tu. Redio ilisifu gundi ya nyuki. Wiki mbili zikapita, na maumivu yakazidi.

Bella na wazazi wake wakaenda kituo cha afya kwa muuguzi Providence.

"Minye sielewi tena," Consolate alisema. "Nyuki ni dawa ao ni sumu?"

Providence alimulika mdomo wa Bella.

"Mama Bella, asali ni sukari. Ikilala kwenye meno, inalisha vijidudu."

"Na damu?" Bella aliuliza.

"Damu inaletwa na uchafu unaoganda kando ya fizi. Weye uliacha mswaki, uchafu ukaongezeka."

Alimwambia Bella apige mswaki, ulio laini, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Baada ya ule wa usiku, asile kitu tena mpaka asubuhi. Gundi ya nyuki inaweza kutuliza fizi, lakini haichukui nafasi ya mswaki. Atumie iliyosafishwa, ya famasi: matone kwenye maji kama lebo inavyosema, asukutue, ateme. Anayewashwa au kuvimba kwa vitu vya nyuki asiiguse. Uchafu uliokwisha kuwa mgumu utatolewa na daktari wa meno, mjini Uvira.

Venant alijikuna kichwa. "Basi minye nauza inayoharibu, na inayosaidia nazibia beseni?"

"Asali haina kosa, papa," Providence alisema. "Kosa ni kulala nayo mdomoni. Na ile ya beseni, iache kwenye beseni."

Bella alienda Uvira, akasafishwa meno. Alipiga mswaki kila siku, hata fizi zilipouma, akasukutua kwa matone ya famasi. Wiki ya tatu damu ikakoma.

Siku ya Pasaka aliimba wimbo wake mpaka mwisho. Alipokaa, Raïssa alimwinamia akamuuliza alitumia dawa gani.

"Mswaki kwanza," Bella alinong'ona. "Ingine nitakueleza tukitoka."