Siku ya Jina la Rosa

Foleni ya samaki mjini Madrid huioni kwa macho. Watu wamesambaa soko zima, huyu kaegemea nguzo, yule anapiga soga na muuza zeituni, na bado kila mmoja anaijua zamu yake. Ukifika unauliza kwa sauti, "Wa mwisho nani?" ukishajibiwa, umeshaingia foleni. Rosa Huamanchumo, mwezi wake wa pili tu tangu ashuke kwenye ndege kutoka Trujillo, Peru, hakuuliza. Aliwaona watu wametawanyika, akasogea mbele na kikapu chake.

"We mama! Sisi tumekuja kuwatazama samaki wanavyolala?" alifoka ajuza mmoja aliyejifunga kitambaa cha plastiki cha mvua kichwani.

Rosa aliganda. Uso ulimwiva, akakikumbatia kikapu chake.

"Wa mwisho ni mimi," ilisema sauti nyuma yake. "Na baada yangu ni huyu dada. Tulikubaliana zamani, nyie mlikuwa mnapiga domo hamkusikia."

Muongo mkubwa! Rosa aligeuka. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, ovaroli ya bluu yenye madoa ya grisi, mvi zimeanza kumtembelea juu ya masikio.

"Tulikubaliana lini?" alimnong'oneza.

"Ndiyo tunakubaliana sasa. Naitwa Eladio. Natengeneza lifti."

"Rosa."

"Rosa nani?"

"Huamanchumo. Usijaribu, utajing'ata ulimi."

Alijaribu. Alishindwa mara tatu, tena kwa sauti kubwa, mpaka muuza samaki naye akaingilia kujaribu. Rosa alicheka, na katikati ya kicheko akashtuka. Tangu aingie Madrid alikuwa hajacheka hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kumtunza Doña Casilda, bibi wa miaka themanini na minane, mjane mwenye ulimi mkali na miguu mibovu. Chumba cha Rosa kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Siku za kazi zilipita vizuri tu. Jumapili ndiyo ilikuwa inamuua, maana Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko, na mtu asiye na pa kwenda atapumzikia wapi? Alikuwa anazunguka mitaani akitazama familia zimejazana kwenye meza za migahawa, saa tatu nzima wameshamaliza kula na bado wanaongea, halafu anarudi chumbani kupokea simu ya dada yake, Nélida.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Huko una nani?"

Baada ya siku ile sokoni akawa na mtu wa kumtaja. Eladio alikuwa anapiga simu saa nne asubuhi, akiwa ananing'inia kwenye tundu la lifti ya watu.

"Malkia wangu, umeshakunywa chai?"

"Utaanguka wewe! Shika kamba, acha simu."

"Nikianguka nizikwe na jina lako. Nimeshalijua. Huamanchungo."

"Huamanchumo, mpuuzi wewe."

Mwezi wa saba, kwenye benchi la uwanja wa Olavide, pembeni ya chemchemi, Eladio alikatiza soga yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. Kisha akasema, "Rosa, tuoane."

Rosa alitaka kusema ndiyo palepale, na ndiyo hiyo ilimtisha. Alimpenda, hilo alilijua. Lakini alizijua pia zile Jumapili zake. Je, kama anataka kuolewa na mtu yeyote yule, mradi asirudi kwenye lile dirisha la ukuta?

"Nipe muda," alisema. "Nitakujibu siku ya jina langu. Hapahapa, saa kumi na mbili jioni. Na mpaka siku hiyo usinipigie simu, Eladio, nakuomba. Nikiisikia sauti yako sitaweza kufikiri."

"Sikukuu ya mtakatifu wa jina lako, Mtakatifu Rosa," alisema Eladio, akiubusu mkono wake. "Nani asiyeijua? Sitapiga. Nitakuja."

Basi wakaagana.

Agosti Madrid inahamwa. Mwenye kijiji anarudi kijijini, mwenye hela anakwenda baharini, na madukani kunabaki karatasi mlangoni: tumefunga, likizo. Mtoto wa Doña Casilda aliwachukua yeye na Rosa akawapeleka kwenye nyumba yao milimani, wakakaa huko mpaka tarehe ishirini na tisa. Rosa hakupiga simu, wala simu haikupigwa. Alikuwa anahesabu siku huku anamkanda bibi miguu.

Tarehe thelathini alivaa gauni la kijani lenye vifungo vidogo mgongoni, ambavyo Doña Casilda alimfunga kwa vidole vinavyotetemeka, huku akilalamika kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kula. Alitia hereni za fedha za marehemu mama yake. Saa kumi na mbili kasoro robo alikuwa ameshafika kwenye benchi.

Olavide ilikuwa tupu. Njiwa, chemchemi, na mzee mmoja anasoma gazeti. Saa kumi na mbili ikafika. Ikapita. Saa moja mzee alikunja gazeti lake akaondoka. Kule Trujillo saa hizi kila Rosa alikuwa kwenye sherehe, keki mezani, shangazi na majirani mlangoni bila kualikwa. Hapa, katika jiji la watu milioni tatu, hakukuwa na hata mmoja aliyejua kwamba leo ni siku yake. Saa mbili alikubali kushindwa, akapiga simu.

Simu ilikuwa imezimwa.

Alilia pale pale kwenye benchi, bila kujificha, maana wa kumwona hakuwepo. Kisha akajifuta, akarudi nyumbani kumpashia bibi supu.

"Nani kafa?" aliuliza Doña Casilda.

"Hakuna aliyekufa, Doña. Leo siku ya jina langu. Alisema atakuja, hakuja."

Bibi aliweka kijiko chini. "Leo? Rosa anaadhimishwa leo? We mwanangu, hiyo ilikuwa enzi zangu! Mapadri waliihamisha miaka mingi iliyopita. Hapa siku yako ni tarehe ishirini na tatu."

"Kwetu haikuhamishwa!"

"Ya kwenu hayafiki hapa mlangoni. Huyo mwanaume wako bila shaka alikuja wiki iliyopita, wakati wewe unanikanda miguu."

Rosa alishika ukingo wa meza. Aliiona picha yote mara moja: Eladio kwenye lile benchi, kanyoa, anatazama saa. Alipiga tena. Imezimwa.

"Kwao wapi?" aliuliza bibi.

"Kijijini huko Zamora."

"Basi unahangaika na simu ya mkononi ya nini? Tafuta namba ya baa ya kijiji. Agosti mwanaume wa kijijini hayuko kwake, yuko baa."

Rosa aliitafuta kwenye mtandao, akaipata. Ilipokelewa katikati ya makelele ya mpira.

"Baa!" lilisema jimama upande wa pili.

"Samahani, mama, namtafuta Eladio Manzanedo."

"Anatafutwa na nani?"

"Rosa."

Sauti ikapasuka: "Zimeni hiyo televisheni! Ni yule Rosa!"

Kumbe walijua wote. Rosa alisikia viti vinaburutwa, mtu anasema mwacheni apite, kisha pumzi anayoifahamu.

"Haloo." Sauti ya Eladio ilikuwa kavu. "Kama umepiga kunieleza sababu, usihangaike. Nimeelewa."

"Ulikuja lini?"

"Siku yako, lini tena? Tarehe ishirini na tatu. Saa kumi na moja nilishafika. Na suti, Rosa, kwenye joto lile! Nikakaa mpaka giza."

"Siku yangu ni leo, Eladio. Peru ni leo, tarehe thelathini. Nimetoka kwenye benchi sasa hivi."

Nyuma ya Eladio mtu aliuliza, "Anasemaje?" mwingine akamjibu, "Eti siku ni leo! Huyu bwege amejilaza wiki nzima bure!"

"Nakuja," alisema Eladio.

"Leo Jumapili, hakuna basi."

"Nitamleta mimi na pikapu!" ilipayuka sauti ya tatu.

"Kesho asubuhi," alisema Rosa. "Saa nne. Na asiendeshe aliyekunywa."

Saa nne kasoro Rosa alimkuta ameshakaa kwenye benchi. Shati lake lilikuwa limejaa vumbi, ndevu za siku saba usoni, na alikuwa amekonda. Alisimama, hakujua aweke wapi mikono.

"Nilidhani ndilo jibu lako," alisema. "Kutokuja. Ulisema nisipige, nikaogopa hata kuuliza."

"Kaa, Eladio."

Alikaa.

"Unajua kwa nini niliomba muda? Niliogopa kwamba nakutaka kwa sababu ya upweke tu. Jana nilikaa hapa zaidi ya saa mbili, nikiwa na hakika umeniacha. Kitu nilichokiogopa kuliko vyote kikanipata, siku ya jina langu, na wala hapakuwa na mtu wa kuniambia pole. Nililia. Kisha nikaenda kupasha supu. Sikufa."

Eladio aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo unaweza kuishi bila mimi."

"Naweza. Nimeshajaribu."

Alitingisha kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu, akajiinua ili aondoke. Rosa alimdaka mkono wa shati akamkalisha kwa nguvu.

"Unakwenda wapi? Nimesema naweza. Nimesema nataka?"

Eladio alimtazama, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ndevu. "Basi nijibu, Rosa. Mimi sina akili, sema kwa maneno."

"Ndiyo," alisema Rosa. "Na kanyoe hizo ndevu."