Jakuzi la Bibi Harusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanabaraka alipiga deki nyumba ya wageni ya shangazi yake, Bi Swaumu, iliyopo kwenye barabara ya kwenda Kaole. Alianzia barazani, akapita ukumbini, akamalizia kwenye chumba kipya cha kuogea. Mlangoni pa chumba hicho kila mtu aliacha viatu nje. Kila mtu, isipokuwa Masoud.

Masoud alikuwa mtoto mkubwa wa Bi Swaumu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio na feni sokoni Bagamoyo. Wiki ile alikuwa akifunga jakuzi, yaani beseni kubwa la kuogea lenye hita ya kupasha maji na pampu ya kuyarusharusha mpaka yafanye povu. Aliingia na kutoka na malapa yake mazito ya mpira, yenye tope, na Mwanabaraka alimfuata nyuma na tambara.

"Shikamoo, kaka Masoud. Naomba uvue malapa, nimeshapiga deki."

"Marahaba. Piga tena. Si ndiyo kazi iliyokuleta mjini? Au umepakumbuka kwenu Lugoba?"

Mwanabaraka akainama, akafuta. Wazazi wake walikuwa Lugoba, nao walimleta kwa shangazi ili asome. Katika nyumba ile, kila aliyeudhika alimtajia Lugoba.

Jakuzi lenyewe lilikuwa la Lulu, mdogo wake Masoud, aliyekuwa akiolewa. Ijumaa baada ya swala, somo wake aliyemfunda, Bibi Ashatu, angemsugua singo, yale manukato anayosuguliwa bibi harusi mpaka ngozi ing'ae. Kisha Lulu angeingia kwenye jakuzi huku mashoga zake wakiimba ukumbini. Bi Swaumu alikwisha kulitangaza jambo hilo mtaa mzima.

Alhamisi asubuhi hita ilikuwa imewashwa kwa majaribio. Mwanabaraka alikuwa amepiga magoti kando ya jakuzi, miguu mitupu, sakafu imelowa. Alipolishika bomba la chuma la kujishikia ili ainuke, kitu kilimchoma kiganjani, kikapanda mpaka kwenye kiwiko kama siafu waliokanyagwa. Akaanguka kitako, ndoo ikapinduka.

"Umeme!" alipiga ukelele. "Jakuzi lina umeme!"

Masoud akaja mbio na malapa yake. Akalikamata lile bomba kwa mkono mzima, akamtazama.

"Mbona mimi sisikii kitu?"

Nyuma yake alisimama Lulu, mikono kiunoni. "Kitendawili!" akasema.

"Tega!" akajibu kaka yake.

"Halijapigwa, linalia. Halijaalikwa, linataka kuoga."

"Mwanabaraka!"

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Bi Swaumu akatokea na kijiko cha pilau mkononi, akauliza kuna nini. Alipoelezwa, uso ukamkunjamana.

"Kijicho hicho," alisema Lulu. "Tangu nilipomkataa kwenye msafara wa wasichana wa kunisindikiza harusini, hataki nifurahi."

"Shangazi, wallahi limenipiga mkono huu."

"Usiapeape hapa! Masoud amehangaika na kazi hii wiki nzima. Ile swichi ndogo ya jakuzi ilikuwa inazima umeme yenyewe kila tukiwasha hita, yeye ndiye aliyeikomesha. Leo haizimi hata kidogo. Wewe unajua nini cha umeme? Nikisikia tena neno hilo, nakupandisha basi urudi kwenu."

Siku hiyo darasani Mwanabaraka hakusikia lililofundishwa. Lulu hakuwahi kumpa neno zuri. Alimwita mshamba mbele ya wageni, akamtuma usiku na mchana bila asante. Ingekuwa rahisi kunyamaza na kuacha litakalokuwa liwe. Lakini kila alipofumba macho aliona watu wawili: Masoud kasimama juu ya mpira mzito, na Lulu akiingia majini na ngozi yake tu. Ndipo alipoelewa kwa nini Masoud hakusikia kitu.

Ijumaa alipotoka shule alisikia vigelegele tangu barabarani. Ukumbi ulijaa wanawake na muziki ulikuwa juu. Mlangoni mwa chumba cha kuogea alisimama Lulu, kanga kifuani, ananukia na kung'aa, anacheka. Viatu vya watu vilikuwa vimepangwa nje. Ndani, jakuzi lilikuwa likitoa povu na mvuke.

Lulu akainua mguu kuvuka kizingiti.

Mwanabaraka hakugusa waya, wala hakuingia kwenye maji. Akakimbilia ukumbini, kwenye swichi kuu iliyokuwa kwenye ukuta mkavu, akaishusha. Muziki ukakatika. Pampu ikanyamaza. Kisha watu wote wakaanza kupiga kelele kwa pamoja.

"Mchawi mdogo huyu!"

"Kaharibu shughuli ya watu!"

Bi Swaumu akamkamata mkono, akaufinya. "Washa!"

"Nirudishe Lugoba, shangazi, lakini siwashi."

"Washa nakwambia!"

"Kaka Masoud alilishika bomba la jakuzi akiwa na malapa!" Mwanabaraka alisema huku machozi yakimtoka. "Sisi wote tunavua viatu mlangoni, yeye havui. Mimi ndiye ninayefuta nyayo zake. Mwambie avue, asimame kwenye maji, umeme uwashwe, halafu alishike. Akilishika, mimi nafunga nguo zangu leo hii."

Kelele zikapungua. Bi Swaumu akamgeukia mwanawe, aliyekuja mbio kutoka barazani umeme ulipokatika, akasimama mlangoni pa chumba cha kuogea.

"Vua."

Masoud akatazama sakafu iliyolowa. Akatazama bomba la chuma. "Mama, watu wanangoja, mambo ya watoto haya..."

"Nimesema vua malapa."

Masoud hakuvua. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mgongo wake ukagonga ukuta.

Bibi Ashatu akajifuta singo mikononi. "Mimi nimekuja hapa na singo," alisema. "Sikuja na karafuu maiti. Lulu, toka mlangoni. Swaumu, mwite Marselina, yule binti wa kule misheni. Amesomea umeme chuoni na ana leseni. Ndiye aliyefunga umeme wa madrasa yetu."

Marselina alifika kwa bodaboda, begi la vifaa mgongoni. Kwanza alihakikisha mwenyewe kwamba umeme umezimwa, akaweka kufuli kwenye swichi kuu ili mtu asiiwashe. Kisha akafungua kifuniko cha jakuzi, akapima kwa kifaa chake, akatazama, akaguna.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi, fundi," alijibu Masoud.

"Fundi wa nini?"

"Wa redio na feni. Umeme ni umeme."

"Na mbuzi na chui wote wana miguu minne. Hebu kamkamue chui."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza upesi. Marselina akavuta waya wa kijani wenye mistari ya njano. Ulikuwa umekatwa na kufichwa ndani ya utepe mweusi.

"Huu ni waya wa ardhini. Hita hii imepasuka, inavujisha umeme kwenye chuma. Waya huu ungeupeleka umeme huo ardhini badala ya mwilini mwa mtu. Na hii swichi ndogo iliyokuwa ikizima haikuwa mbovu. Ilikuwa inawaambia kuna hatari. Wewe ukairuka kwa kipande cha waya, ukaiziba mdomo." Akamtazama Lulu. "Ungeingia humo, usingepata hata nafasi ya kumwita mama yako."

Lulu akakaa chini palepale, kanga imemlegea. "Masoud," alisema taratibu. "Ulikuwa unajua?"

"Sikujua! Nilihisi kamtekenyo kidogo tu, nikadhani ni kawaida."

"Ulikahisi, ukamcheka mtoto wa watu?" Bi Swaumu alifoka. "Mbele yangu?"

Masoud akanyanyua begi lake la vifaa, akapita katikati ya wanawake bila kuinua uso.

Marselina akakata nyaya za jakuzi, akasema halitatumika mpaka hita ibadilishwe, waya wa ardhini ufungwe na yeye mwenyewe alipime. "Na msije mkadhani malapa ni kinga," aliwaonya watoto waliokuwa wakichungulia. "Ukihisi umeme unatekenya, toka, mwite mtu mzima, umeme uzimwe. Usiujaribu tena kwa mkono wako."

Lulu aliogeshwa kwa ndoo na kata, kama alivyoogeshwa mama yake. Katikati ya kuoga akapaza sauti: "Mwanabaraka! Njoo unimwagie maji. Na usidhani nimeanza kukupenda." Mwanabaraka akaenda, akamwagia.

Jioni Bi Swaumu akawaita Masoud na Mwanabaraka, akawakalisha mkekani. Masoud alikuwa amenuna. Mama yake hakumbembeleza.

"Jumatatu utakwenda kuuliza nafasi chuo cha ufundi," alimwambia. "Mpaka utakapohitimu, usiguse umeme wa nyumba ya mtu." Kisha akamgeukia Mwanabaraka, akaushika ule mkono aliokuwa ameufinya. "Mwanangu, nisamehe. Na nyote wawili mnisikie. Asiyejua kazi akajifanya anajua, na aliyeona hatari akanyamaza kwa kuogopa matusi, wote wawili humuua mtu yuleyule. Mmoja wenu leo nusura aniulie binti yangu. Mwenzake alitukanwa na nyumba nzima, na bado hakunyamaza."