Masanduku Mawili ya Mchanga

Jumamosi ya kuwakumbuka wafu, Vidosava alikwenda kanisani na bakuli la ngano ya kuchemsha, chupa ya divai, na kila kitu isipokuwa miwani yake. Alinunua mishumaa miwili kwa Rumena, mtunza kanisa, mwanamke aliyebandika ukutani matangazo mengi kuliko sanamu za watakatifu. Usiguse. Usisukumane. Chenji hakuna.

Mshumaa mmoja ulikuwa wa mwanawe Nenad, aliyekuwa njiani kutoka Vienna kwa gari. Wa pili ulikuwa wa marehemu mumewe, Radisav, mwaka wake wa tatu huu udongoni.

Tangu enzi za mababu mishumaa ya walio hai ilikaa juu, ya wafu chini. Lakini kamati ya kanisa, kwa kura tano dhidi ya mbili, ilikuwa imenunua masanduku mapya ya mchanga wa kuchomekea mishumaa, yanayokaa ubavu kwa ubavu, na maandishi madogo kama sisimizi. Vidosava alikisia. Aliwasha, akajifanyia ishara ya msalaba, akarudi nyumbani.

Miwani ilikuwa juu ya meza ya jikoni. Kando yake palikuwa na kikombe cha kahawa kilichopinduliwa juu ya kisahani chake. Kilikuwa bado cha moto.

Asubuhi hiyo hakuwa amepika kahawa. Na katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akipindua kikombe akimaliza kunywa.

Alimpigia Nenad. Simu iliita, ikaita. Haikupokelewa.

Chumbani mtu alikohoa.

“Vida,” sauti ilinong'ona, kwa jina ambalo mumewe pekee alimwita. “Usirudi kule.”

Ndipo alipojua alichofanya. Alikimbia.

Rumena alikuwa akifunga mlango. “Saa sita hadi saa nane tumefunga, jirani. Soma tangazo.”

“Rumena, mwanangu nimemwekea mshumaa kwa wafu.”

Rumena, ambaye hakuwahi kuvunja sheria hata moja, alifungua.

Mshumaa wa Nenad ulikuwa umebaki urefu wa ukucha. Wa Radisav, kwenye sanduku la walio hai, ulikuwa mrefu kama umewashwa sasa hivi. Haukuwa umedondosha hata tone.

Aliuhamisha wa Nenad kwanza. Kisha akaushika wa Radisav. Haukutoka. Kitu kiliushikilia ndani ya mchanga.

Pumzi ya baridi ilimgusa shingoni. “Niache kidogo tu, Vida. Kule kuna baridi.”

Miaka arobaini hakuwahi kumnyima kitu.

“Nisamehe, mume wangu,” alisema, akavuta kwa mikono miwili, akauchomeka kwa wafu.

Simu ikalia.

“Mama, nilisinzia kwenye usukani,” Nenad alisema. “Gari limesimama ukingoni mwa mtaro. Mimi mzima.”

Alifika jioni. Mama yake alimtazama akila mpaka kijana akacheka. “Mama, unanikagua kama askari wa mpakani. Nikuletee pasipoti?”

 Vidosava alikuwa akitazama kucha za mwanawe. Chini yazo palikuwa na mchanga wa njano, mbichi, wenye chembe za nta.

Jumapili Rumena alibandika tangazo jipya: Ni marufuku kuchimba mchanga.

Katika sanduku la wafu, pale ulipokuwa umesimama mshumaa wa Nenad, palikuwa na shimo refu kama mkono. Alama za vidole zilipanda kutoka chini. Na ubavuni mwa shimo lile, chini ya mshumaa wa Radisav, lilionekana la pili, dogo, ambalo halikuwa limefika juu.